Netiboli Inachezwa Kwanza Kwenye Dirisha la Viza

Agosti 2022, mjini Birmingham, Jamaica walicheza fainali yao ya kwanza ya netiboli katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Australia wakawashinda 55 kwa 51. Mabao manne tu. Miezi miwili baadaye Jamaica hao hao walitakiwa Auckland kwa mfululizo wa mechi na New Zealand, na mechi ya kwanza ikafutwa. Mvua haikunyesha, taa hazikuzimika. Kikosi hakikuwa kimetimia: viza na safari za ndege zilikuwa zimewakwamisha. Kanuni za netiboli zinaruhusu timu iingie uwanjani na watano badala ya saba, ilimradi senta, yaani mchezaji wa katikati, awepo, lakini nani atauza tiketi za mechi ya kimataifa ya watu watano?

Yakitokea mambo kama haya, huku Dar es Salaam maoni huwa ni yale yale: chama chao kizembe, wangejipanga mapema. Uzembe upo, sibishi. Lakini nimechoka kuona kila timu inayokwama njiani inatoka upande ule ule wa dunia. Mbona hatusikii England wamekosa viza ya kuja Afrika?

Tuichukue safari yenyewe. Mchezaji wa Taifa Queens, timu yetu ya taifa ya netiboli, akialikwa New Zealand leo, hakuna ubalozi wao hapa mjini wa kwenda kugonga mlango. Ataomba kwa mtandao, atatafuta barua ya mwaliko, barua ya mwajiri na taarifa ya benki. Hiyo taarifa ya benki ndiyo kaburi la wengi. Binti wa miaka 22, hajaolewa, hana nyumba, akaunti yake inapokea posho na kukauka wiki hiyo hiyo. Anayesoma fomu hizo hamwoni mfungaji hodari. Anamwona mzamiaji. Na kwa kuwa kila mmoja anaombewa viza yake, timu haikataliwi kwa pamoja: wanapita saba, wanabaki watano, na kati ya waliobaki yumo mlinzi wako wa kutegemewa.

Hapo bado kibali. Netiboli yetu inabebwa na timu za taasisi: JKT Mbweni, Polisi, Magereza, Uhamiaji. (Ndiyo, Uhamiaji wana timu, na nzuri tu. Watu wanaokagua pasipoti za wenzao kazini nao wangepanga foleni ya viza kama sisi.) Askari au mtumishi wa umma hapandi ndege kwenda nje bila ruhusa ya mwajiri, na barua hiyo ina mwendo wake.

Viza zikipatikana, inabaki njia. Utapitia Doha au Dubai, halafu ukae angani kama saa 16 nyingine hadi Auckland, ambako saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa tisa, au kumi kutegemea majira. Fedha zikichelewa kutoka, na huwa zinachelewa, tiketi zinazobaki sokoni ni zile za kuzunguka viwanja vya ndege vitatu na kulala kwenye viti. Unatua asubuhi ya Ijumaa, Jumamosi unacheza robo nne za dakika 15 na watu waliolala kwao. Ukifungwa kwa mabao 30, matokeo yanaandikwa. Orodha ya ubora wa dunia haina safu ya kuonyesha nani alilala wapi.

Na timu za namna hii zina ugumu mwingine ambao watu hawauoni. Nyota wao wametawanyika. Jhaniele Fowler wa Jamaica amecheza Perth kule Australia, Mary Cholhok wa Uganda amecheza Loughborough kule England, Mwai Kumwenda wa Malawi alicheza Melbourne. Hao wakiitwa, wanafika kwa sababu vibali vya kuishi na kufanya kazi nje vimeshawafungulia njia. Wanaokwama ni wale wa nyumbani, yaani waliokuwa kambini muda wote wakifanya mazoezi. Matokeo yake kocha anapokea kundi ambalo halijawahi kupigiana pasi hata mara moja.

Wapo watakaosema mwenyeji naye anaumia. Kweli: amelipia ukumbi, amesaini na televisheni, amerudisha fedha za tiketi. Lakini mfululizo ule uliandaliwa kwa faida yake. Yeye ndiye aliyehitaji mpinzani wa kupimia kikosi chake na kujaza viti. Kwa maoni yangu, anayeuza tiketi ndiye abebe safari: alipe nauli mapema, aende wizarani kwao kuwaombea wageni viza kwa pamoja kama timu, na mkataba useme wazi kwamba mechi ya kwanza haichezwi mpaka mgeni awe ametua na kupumzika siku kadhaa zilizokubaliwa. Mgeni akichelewa, tarehe ndiyo isogee.

Soka ilishaonyesha kwamba safari inaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya mechi. Oktoba 2024 ndege ya Nigeria iliyokuwa ikienda Benghazi ilielekezwa Al Abraq, wachezaji wakakaa uwanja wa ndege usiku kucha, wakagoma kucheza na kurudi kwao. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, likawapa Nigeria ushindi wa mabao 3 kwa 0 na kuitoza Libya faini ya dola 50,000. Najua viza ni jambo la serikali na si la chama cha michezo, na hakuna aliyewatega Jamaica. Ninachotaka ni ule moyo wa kuuliza mgeni alifikaje, kabla ya kumwandikia kipigo.

Sisi nasi tuna letu. Tunapenda sana sherehe ya kukabidhi bendera. Kiongozi anasimama, nahodha anapokea, picha zinapigwa, tunaambiwa waende wakapeperushe. Ningependa siku moja mwandishi mmoja pale mbele aulize: tiketi ziko wapi? Simba na Yanga wakienda kucheza nje, watangulizi hufika siku kadhaa kabla kukagua hoteli na uwanja. Netiboli haina fedha za watangulizi, basi angalau bendera isitoke kabatini kabla pasipoti zote hazijarudi na viza ndani.

Halafu sioni kwa nini tukimbilie mbali. Kwenye Kombe la Dunia la 2023 kule Cape Town, la kwanza kufanyika Afrika, Uganda walimaliza wa tano na Malawi wa saba. Hawa ni majirani. Kwenda Uganda unapita Mutukula, kwenda Malawi unapita Kasumulu, na Mtanzania haombi viza kwenda nchi zote mbili. Tuna wapinzani wa daraja la dunia mwisho wa barabara ya lami, nasi tunasubiri mwaliko wa bara jingine ili tujisikie tumecheza kimataifa.

Ningeanza na Malawi, na ningechezea Mbeya, wala si hapa Dar, ili kila upande usafiri na pasiwe na wa kulala kwake. Waje kwa basi kupitia Kasumulu, nasi tupande kutoka stendi ya Mbezi. Mwezi Juni, mechi tatu ndani ya siku sita, na siku mbili za mwanzo ziwe za kulala tu. Wachezaji wa Dar waambiwe mapema wabebe makoti.