Mtoto anayesahau daftari kila siku: huku Marekani na nyumbani

Nyumbani, mtoto akisahau daftari siku tatu mfululizo huitwa mvivu. Huku Marekani huandikiwa mpango. Tangu sheria ya mwaka 1975, mwanafunzi mwenye ulemavu unaohitaji elimu maalumu ana haki ya mpango wake binafsi, na shule lazima iupitie angalau mara moja kwa mwaka. Haki hiyo naitamani sana kwa watoto wa nyumbani. Lakini mpango ukisema tu kwamba mtoto "atajipanga vizuri zaidi", hauna tofauti kubwa na kumfokea.

Mtoto mwenye ADHD (hali inayofanya iwe vigumu kutulia na kuzingatia) au usonji mara nyingi anajua kabisa anachotakiwa kufanya. Kinachomkwamisha ni kuanza, kushikilia hatua kichwani, kuhisi muda unavyopita, na kubadili mwelekeo mambo yakibadilika. Russell Barkley, mtaalamu wa ADHD, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba msaada uwe pale pale kitendo kinapofanyika. Nasaha za Jumapili jioni haziwezi kumkumbusha mtoto daftari Jumatatu asubuhi. Karatasi iliyobandikwa mlangoni, usawa wa macho yake, inaweza.

Karatasi hiyo iwe na hatua zisizozidi tano, kila moja ianze na kitenzi: weka daftari, weka kalamu, funga begi. Asiyesoma vizuri achorewe. Begi lipangwe usiku, kwa sababu asubuhi kuna haraka, na haraka hula ile kumbukumbu kidogo aliyonayo. Baada ya wiki chache macho yatazoea karatasi na kuacha kuiona. Badilisha rangi au ihamishe, usidhani mtoto amekaidi.

Homuweki ina mtego wake. "Andika insha" ni mlima. "Fungua daftari, andika tarehe na kichwa cha habari" huchukua dakika mbili, na aliyekwisha kuanza huendelea kwa urahisi zaidi. Mwache akadirie kazi itachukua dakika ngapi, aandike, kisha apime kwa saa na kuandika muda halisi pembeni. Ataona mwenyewe kwamba kumi zake ni ishirini na tano. Afanye dakika kumi, apumzike tatu, akiwa amesimama, bila simu, maana simu haimwachii arudi. Kazi ya muda mrefu iandikiwe tarehe mbili: ya kuanza na ya kukabidhi. Wengi huandika ya kukabidhi peke yake, kisha wanashangaa mtoto anaanza usiku wa mwisho. Kuna pia kazi iliyokamilika inayobaki ndani ya begi hadi inachakaa. Mpe bahasha moja ya rangi kali kwa kazi za kukabidhi tu, na mwalimu aiombe kwa jina lake.

Huku kuna kishawishi cha kununua. Michezo ya kompyuta ya kukuza kumbukumbu hutangazwa sana, ila uchambuzi wa tafiti uliotoka mwaka 2013 ulionyesha kuwa mtoto huwa hodari kwenye mazoezi yanayofanana na mchezo huo, na faida haifiki kwenye kusoma wala hesabu. Fedha hiyo ingelipa saa za mtu wa kukaa naye mezani. Katika hilo, sisi wa nyumbani tunawashinda: mara nyingi yupo kaka, dada au shangazi wa kukaa karibu akifanya kazi yake. Tatizo letu ni kwamba tunamweka hapo asimamie kwa ukali, ilhali kuwepo kwake kimya kunatosha.

Kosa la huku ni kutokuondoa msaada. Mtu mzima hukumbusha hadi kijana anafika chuo hajawahi kujikumbusha. Badala ya "umesahau maji", uliza "karatasi inasema nini?" Baadaye nyoosha kidole tu, baadaye kaa kimya. Akifanya mwenyewe siku nane kati ya kumi, punguza kitu kimoja, kimoja tu. Akiteleza, kirudishe bila hotuba na ujaribu tena baada ya wiki mbili. Sifa itolewe papo hapo na itaje kitendo: "umefunga begi kabla ya kulala". Zawadi ya Ijumaa kwa jambo la Jumatatu iko mbali mno kwake.