Tai wa Semina na Joho la Kaizari

Ukihudhuria semina za uongozi, utakutana na tai. Akifika miaka 40 hupanda mlimani, akajigonga mdomo kwenye mwamba hadi ung'oke, akang'oa na kucha, kisha akaota vipya na kuishi miaka 30 zaidi. Ukumbi hupiga makofi. Ni uongo mtupu. Tai asiye na mdomo angekufa njaa.

Kwa hiyo nawaelewa wanaotaka hadithi ziondolewe kwenye mafunzo ya viongozi. Mkuu wa idara ambaye bajeti yake imekatwa na watumishi wake hawasemezani anahitaji kujua kusoma hesabu na kuendesha kikao, na semina yenyewe ni ya siku 2. Tena msimuliaji ndiye anayechagua pa kuanzia na pa kukatia.

Ila kuna kazi ambayo hesabu haziiwezi. Katika semina moja tulisoma kipande cha Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 1963 akiwa Rais wa Tanganyika, na mwaka 1969 akaitoa upya baada ya kuisahihisha. Nchi nzima mabegani, bado akapata muda wa kurudia maneno. Tuliulizwa: kwa nini Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, alimruhusu Antony, rafiki wa marehemu, ahutubie msibani, ilhali Cassius, muuaji mwenzake, alishamkataza? Naibu mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Brutus anajua nia yake ni njema. Mtu wa namna hiyo hashauriki." Mkurugenzi wake, waliyekaa naye meza moja, akaweka kalamu chini. Baadaye akamuuliza, "Sasa Cassius angesemaje ili asikike?" Wakazungumza hadi chai ikapoa. Kila mtu alijua hawazungumzii Roma, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Fumbo lina kazi hiyo tangu zamani.

Hatari nayo imo humo humo. Antony anainua joho la marehemu na kuonyesha matundu: hapa kilipita kisu cha Cassius, hapa cha Brutus. Umati unalia, unawaka, na muda si mrefu unamuua mshairi Cinna kwa kosa la kuitwa jina moja na muuaji. Hivyo sioni kwamba tatizo la tai ni kuwa hadithi. Tatizo ni kwamba anasimuliwa ili ashangiliwe, basi. Fasihi nzuri humpa msikilizaji nafasi ya kumhoji msimuliaji, na kocha asiyekubali kuhojiwa heri abaki na majedwali yake.

Siku ile aliyehoji alikuwa mhasibu, amekaa nyuma kabisa. "Antony hakuwepo Kaizari alipochomwa visu," alisema. "Alijuaje tundu lipi ni la nani?" Mkufunzi alinyamaza, kisha akatuomba turudi ukurasa uleule, tuusome upya.