Uko Saba Saba?

Tarehe 7 Julai 2025, kama saa tano asubuhi, nilikuwa nimebanwa na watu mbele ya meza ya jamaa mmoja anayeuza kifaa cha kukatia mboga. Mnawajua hawa. Kipaza sauti kimebandikwa shavuni, karoti inaingia upande huu inatoka upande ule imekuwa nyuzi, na kabla hujamaliza kushangaa kitunguu nacho kimekwisha. Nyuma yangu tangazo lilikuwa linarudiwa kwa mara ya tatu: amepatikana mtoto wa kiume, fulana ya njano, ukimuuliza jina la mama yake anasema ni Mama. Maonyesho ya biashara ya Saba Saba, viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, sikukuu, jua, vumbi, koni zinayeyuka mikononi mwa watoto.

Simu ikaita. Alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyeolewa Nairobi siku nyingi. Akasikia zile kelele, akauliza, "Uko Saba Saba?" Nikamwambia ndiyo, ningojee nikuchagulie sufuria. Akanyamaza kidogo. "Na mimi niko Saba Saba," akasema, wala hakucheka. Barabara za kuingia katikati ya jiji zilikuwa zimefungwa, polisi wametandaza seng'enge, matatu zimegoma kusogea. Alikuwa amefunga zamu ya usiku na anarudi nyumbani kwa miguu.

Neno moja, tarehe moja, saa moja. Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama 7 Julai kwa jicho jingine, na nina manung'uniko nayo.

Redio nyingi hapa kwetu zina kile kipindi cha asubuhi cha "siku kama ya leo". Nakipenda, nisiseme uongo. Lakini kinapanga mambo kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba: hii, halafu hii, halafu hii. Siku kama ya leo mwaka 1937 wanajeshi wa Japani na wa China walifyatuliana risasi kwenye daraja la Marco Polo karibu na Beijing, vita vikaanza. Siku kama ya leo mwaka 1978 Visiwa vya Solomon vilipata uhuru. Siku kama ya leo mwaka 2005 mabomu yalilipuka kwenye treni na basi London, watu 52 wakauawa. Baada ya hapo taarabu, halafu bei ya nyanya sokoni. Hayo kweli yamekutana kwa bahati tu, kama abiria wa daladala moja. Ya kwetu hayako hivyo. Saba Saba zetu ni ndugu, na ndugu hawa hatuwaaliki pamoja.

Tuanze na mkubwa. Jumatano, 7 Julai 1954, Dar es Salaam, wajumbe wa chama cha TAA (Tanganyika African Association) walikutana kwenye nyumba yao ya New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, wakakigeuza chama chao kuwa TANU. Waasisi wanaotajwa ni 17. Rais wao alikuwa mwalimu wa Pugu, Julius Nyerere. Walikuwamo Abdulwahid na Ally Sykes, Dossa Aziz, John Rupia, Tewa Said Tewa, Patrick Kunambi, Japhet Kirilo wa Meru. Wote wanaume, Bibi Titi Mohamed na wanawake wake wa vikundi vya ngoma walikuja baadaye kidogo, na walipokuja ndipo chama kilipoanza kusikika uani na siyo barazani peke yake.

Katika wale 17 kuna mmoja ninayependa kusimama kwake kidogo: Saadani Abdu Kandoro. Huyu alikuwa mshairi. Chama kinachokwenda kumtoa mkoloni kilizaliwa mbele ya mtu aliyejua vina na mizani, na mashairi ya siasa ya miaka ile hayakuwa pambo la mkutano. Yaliimbwa, yakakaririwa, yakasafiri kwenda kwa watu ambao gazeti lisingewafikia. Bibi Titi naye alizunguka nchi nzima akihutubia kwa Kiswahili tupu. Kwa hiyo watu wanapouliza mbona UNESCO ilichagua 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, jibu liko pale New Street. Uamuzi wenyewe ulipitishwa Paris tarehe 23 Novemba 2021, na Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Afrika kupewa siku yake na shirika hilo. Tarehe ililetwa makusudi ikae juu ya siku ya kuzaliwa TANU, kwa sababu TANU ilikitumia Kiswahili kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia.

Hapa niingize jambo dogo. Hilo neno "saba" lenyewe tumelichukua kwa Waarabu, pamoja na sita na tisa. Nane ni letu la asili. Wamijikenda bado wanahesabu saba kwa neno la Kibantu, fungahe, na sisi Waswahili ndugu yake tumembakiza mahali pamoja tu: fungate, zile siku saba za maarusi. Yaani lugha imeadhimishwa kwa siku yenye jina la kuazima mara mbili. Mimi hilo linanifurahisha, maana ndivyo Kiswahili kilivyo.

Sasa mdogo wake. Mwaka 1990 Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa katiba, kifungu cha 2A kilichoingizwa mwaka 1982. Mwezi Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote waliowahi kuwa mawaziri, walijitokeza hadharani kudai vyama vingi, wakaitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Jumamosi 7 Julai. Kibali hakikutolewa. Siku tatu kabla, wote wawili walikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Watu wakaenda hivyo hivyo. Waliinua vidole viwili, ishara ya vyama vingi, wakakuta marungu, gesi ya machozi na risasi. Vurugu ziliendelea kwa siku kadhaa, zikaenea hadi miji mingine, na watu wasiopungua 20 waliuawa. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini mwaka 1991, hakurudi tena kuwa yule wa zamani mpaka alipofariki mwaka 2018. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991.

Huko wito haukuhitaji bango wala tangazo la redio, ambayo hata hivyo ilikuwa ya serikali. Saba Saba. Mtu anakuambia mara moja kwenye foleni ya matatu, umeshika. Jina limebaki. Mwaka 2023 upinzani uliitisha mkutano wake Kamukunji tarehe hiyo hiyo, na mwaka 2025, ikitimia miaka 35, vijana waliingia barabarani na tume ya taifa ya haki za binadamu ya huko ikahesabu zaidi ya watu 30 waliouawa. Ndiyo siku ile dada yangu anatembea na mimi naangalia karoti.

Tazama kinaya kilichomo. Nairobi walitoka kudai vyama vingi katika siku ya kuzaliwa chama ambacho, upande wetu, kilikuwa kimekuwa chama pekee tangu katiba ya 1965, mpaka kilipoungana na Afro-Shirazi, chama cha Zanzibar, mwaka 1977 na kuzaa CCM. Na mwaka ule ule wa 1990 ni Nyerere mwenyewe aliyeanza kusema hapa nchini kwamba suala la chama kimoja lijadiliwe. Vyama vingi tukavipata Julai 1992, bila mtu kukimbizwa uwanjani. Mzee wangu mmoja husema tulifunguliwa mlango kabla hatujabisha hodi. Labda. Ila mlango unaofunguliwa na mwenye nyumba, mwenye nyumba ndiye anayeendelea kushika ufunguo.

Na Saba Saba yenyewe tukaifanyia nini? Ilikuwa sikukuu ya chama, ikawa pia ya wakulima, kisha wakulima wakahamishiwa Nane Nane, tarehe 8 Agosti, na yetu ikabaki biashara. Maonyesho ya mwaka 2025 yalikuwa ya 49. Siyabezi: nilinunulia pale friji yangu ya kwanza, na mama yangu hakuwahi kuelewa watu wanaonunua kanga mahali pengine. Lakini muulize kijana wa chuo pale getini Saba Saba ni nini. Atakuonyesha uwanja. Konda wa Mbagala akiita "Sabasaba!" anaita kituo. Dodoma ni soko. Siku imegeuka mahali.

Kenya imekuwa kinyume: mahali pamegeuka neno. Kamukunji leo ni mkutano wowote wa kusemezana. Wanafunzi wa chuo kikuu wanaitisha kamukunji, hata wabunge wao wakitaka kuzungumza nje ya kikao rasmi wanaitisha kamukunji. Kwangu mimi hicho ni Kiswahili kilichopanda bei kwa damu, na sijawahi kukisikia kikitajwa hata mara moja kwenye hotuba za Siku ya Kiswahili.

Hilo ndilo nung'uniko langu. Kila 7 Julai tunasikia maneno yale yale: lugha ya amani, lugha ya umoja, wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina haki ya keki, maana mkataba wake mpya ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Sherehe zake za Kiswahili zimekwenda Kampala 2023, Mombasa 2024, Kigali 2025. Ngoma, mashairi, makoti mazito, picha ya pamoja. Mombasa, ndani ya Kenya yenyewe, hata wiki tatu hazijapita baada ya vijana kuuawa kwenye maandamano ya Juni 2024! Lugha ikaitwa ya amani, basi, tukala biriani.

Wale wa New Street hawakukichagua Kiswahili kwa sababu ni kipole. Walikichagua kwa sababu mtu wa Mwanza na mtu wa Lindi wangeweza kuambiana kwacho kwamba hatutaki. Waliokwenda Kamukunji walikuwa na kazi ile ile. Ukiadhimisha wa kwanza na kumficha wa pili, umebakiza lugha ya kukaribishia wageni. Napendekeza jambo dogo tu, halihitaji bajeti: mwaka ujao, pale jukwaani, kabla ya shairi la kwanza, asomwe Kandoro, kisha itajwe Kamukunji kwa jina. Najua itaitwa kuingiza siasa. Tarehe hiyo iliingizwa siasa mwaka 1954, na ni kwa ajili hiyo UNESCO iliijua.

Dada alifika kwake saa tisa alasiri. Alinitumia picha ya miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi, chini yake ameandika: "Saba Saba njema, ndugu yangu." Sufuria lake nilinunua, lile la mfuniko wa kioo. Mtoto wa fulana ya njano mama yake alipatikana, walitangaza. Kile kifaa cha mboga nacho nilinunua. Nyumbani kilikata karoti mbili, kikavunjika.