Kabla ya Drafti, Goti la Kijana Linapigwa Picha

Ukiacha ile drafti ya vizibo vya soda inayochezwa barazani, Watanzania wengi tulilisikia neno hili mwaka 2009, Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na timu ya Memphis Grizzlies katika drafti ya NBA, yaani siku ambayo timu za ligi ya kikapu ya Marekani huchagua vijana wapya kwa zamu. Kijana wa Dar es Salaam alitajwa mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry, waliokuja kuwa nyota wakubwa. Wakati huo nilikuwa bado Tanga. Tulishangilia mtaa mzima, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeuliza ni nani aliyempima kijana yule, kwa muda gani, na alikuwa anatafuta nini. Leo naishi Indianapolis, mji wa Marekani ambao tangu 1987 unapokea vijana wa vyuo wanaotaka kuingia NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, na maswali hayo hayaniachi.

Naendesha basi dogo la hoteli. Kila mwisho wa Februari, baridi ikiwa bado inauma masikio, wanaingia vijana zaidi ya 300 na mabegi yao. Shughuli yenyewe inaitwa Combine. Kwetu kombaini ni timu teule ya wilaya, lakini hapa ni wiki ya kupimwa. Vijana wanavaa nguo za mazoezi zenye herufi za nafasi wanayocheza na namba. Wanakimbia yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi. Mwaka 2024 Xavier Worthy alizimaliza kwa sekunde 4.21, akavunja rekodi. Wanalala chali na kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi kadiri mtu awezavyo. Wanaruka juu, wanaruka mbele, na hata viganja vyao vinapimwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Pembeni wamekaa maskauti, yaani wasaka vipaji wa timu zote 32, kila mmoja na kalamu yake.

Runinga inaonyesha mbio. Jambo kubwa zaidi haionyeshi. Kabla hawajakimbia hata hatua moja, vijana hawa wanapelekwa kwa madaktari. Goti linapigwa picha, bega linakunjwa na kukunjuliwa, moyo unasikilizwa, kila jeraha la tangu sekondari linaulizwa na kuandikwa. Asili ya mkusanyiko huu ni hiyo hasa: timu zilitaka madaktari wao wawaone vijana wote mahali pamoja. Mwaka 2013 Star Lotulelei, mmoja wa walinzi waliotegemewa kuchaguliwa mapema, alikutwa na kasoro kwenye kipimo cha moyo, akazuiwa kufanya mazoezi. Akapelekwa kwenye vipimo zaidi, akaonekana yuko salama, na mwezi Aprili Carolina Panthers wakamchukua wa 14.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mdogo wangu, mtoto wa mama yangu mkubwa. Alikuwa winga wa kushoto. Jioni uwanja wa Tangamano ukijaa, watu walikuwa wanahama upande ili wawe karibu na mstari anaocheza. Akiwa na miaka 17 goti lilimgeuka kwenye mechi ya mtaani. Akachuliwa kwa mafuta ya moto, akafungwa bandeji, akaambiwa apumzike wiki mbili. Mwaka uliofuata klabu moja ikaita vijana kwa majaribio ya siku mbili. Walikuwa wengi mno. Hakuna aliyewauliza majina, na wala hakuna aliyeuliza habari za goti. Siku ya pili, akigeuka na mpira, goti likaachia. Alikaa pembeni ya uwanja mpaka jua linazama, mimi na rafiki yake tukambeba.

Leo anaendesha bodaboda na goti bado linavimba msimu wa mvua. Kinachoniuma zaidi ya jeraha lenyewe ni kwamba hakuna karatasi popote duniani inayosema kijana yule alikuwapo pale. Hakuna aliyeandika kwamba ana kasi, au kwamba hana, au kwamba atibiwe kwanza kisha aitwe tena. Aliyemkataa hakumjua hata kwa jina.

Hapa skauti anamfuatilia kijana kwa misimu kadhaa. Sheria yao ni kwamba mchezaji haingii kwenye drafti mpaka imepita miaka mitatu tangu amalize sekondari, kwa hiyo muda wa kumtazama upo. Mechi za chuo zinarekodiwa kutoka juu ili wachezaji wote 22 waonekane, na skauti anarudia kipande kimoja mara kumi akiangalia kijana anafanya nini mpira ukiwa mbali naye: anatembea, au anakimbia kumsaidia mwenzake? Anazungumza na makocha, na walimu, na watu waliomlea. Kisha anaandika ripoti kwa jina lake mwenyewe. Miaka mitano baadaye bosi wake anaweza kuifungua na kumwambia: wewe ndiye uliyesema hivi.

Wanakosea, tena sana. Tom Brady mwaka 2000 alikimbia zile yadi 40 kwa sekunde 5.28 na akachaguliwa wa 199. Akaja kutwaa mataji saba. JaMarcus Russell alikuwa chaguo la kwanza kabisa mwaka 2007, akacheza misimu mitatu tu. Brock Purdy alikuwa wa mwisho, wa 262, mwaka 2022, na Februari 2024 ndiye aliyeanza kama mpiga pasi wa San Francisco kwenye fainali. Ndugu zangu wa nyumbani nikiwasimulia haya hushika hapohapo: si unaona, vipimo vyao havina maana! Mimi naona tofauti. Karatasi ya Brady ipo hadi leo, na kila skauti kijana anaisoma ajue waliomtazama walipitwa na nini. Kulikuwa pia na mtihani wa akili, maswali 50 kwa dakika 12, walioutumia miaka mingi. Mwaka 2022 waliuondoa kwenye Combine. Usingeweza kujua kwamba kipimo hakikusaidii kama hujaweka majibu yake ukayalinganisha na yaliyokuja kutokea. Sisi tunakosea vilevile, ila kosa letu linakwenda na upepo, na msimu ujao tunalirudia kwa mtoto mwingine.

Sisemi kila kitu cha hapa ni cha kuigwa. Mara ya kwanza nilipoona picha za vijana, wengi wao weusi, wakipanda jukwaani na kaptula tu, wakipimwa uzito na urefu wa mikono mbele ya safu za wanaume waliokaa, nilizima simu. Mtu aliyekulia pwani yetu, aliyewahi kufika Mkunazini, Unguja, mahali soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, hawezi kuitazama picha hiyo kwa utulivu. Najua hawa wamekuja kwa hiari yao na watalipwa fedha nyingi. Moyo wangu bado unakataa. Na kuna maswali ambayo hakuna kipimo kinachoyahalalisha: mwaka 2010, kwenye mazungumzo ya kabla ya drafti, kiongozi wa timu ya Miami alimuuliza Dez Bryant kama mama yake alikuwa kahaba. Aliomba radhi baadaye. Kwetu, kumtusi mama wa mtu si jambo la kuisha kwa radhi tu.

Tena kijana wa hapa hachagui aendako. Timu iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo inayochagua kwanza, na mkataba wa mwanzo ni wa miaka minne. Aliyelelewa kwenye joto la Florida anaambiwa Green Bay, kaskazini kwenye baridi, anapakia mizigo. Mchezaji wetu anaweza kukaa na wazazi wake, akasikiliza ofa ya Simba na ya Yanga, akaamua. Katika hilo nyumbani ni bora, na sitaki tulipoteze.

Mjomba wangu, aliyewahi kufundisha timu ya mtaa huko Ngamiani, aliniambia kwenye simu, "Mwanangu, mpira haupimwi kwa utepe. Samatta nani alimpima? Mpira unaonekana." Nikamjibu, "Sawa mjomba, lakini unaonekana na nani?" Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akapita African Lyon, akafika Simba, na TP Mazembe wa Lubumbashi walimwona mwaka 2011 kwa sababu Simba ilikutana nao kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Kuanzia hapo Genk ya Ubelgiji, kisha Aston Villa ya Uingereza. Ni njia nzuri na tunajivunia. Lakini mechi ile ingepangwa na timu nyingine, wangemwona wapi? Mjomba alinyamaza, kisha akasema watoto wa namna ile amewahi kuwa nao watatu. Nikamuuliza wako wapi. Wawili hakujua.

Mashine ya MRI, ile ya kupiga picha ndani ya goti, kwa kila mtaa hatuwezi. Daftari tunaweza. Novemba iliyopita nilituma simu moja na stendi yake kwa mwalimu wa shule ya msingi anayesimamia ndondo ya mtaani kwetu. Mpaka sasa amerekodi mechi 11, akiwa amesimama juu ya tofali ili aone uwanja wote. Kwenye daftari la kaunta ameandika majina 46: tarehe ya kuzaliwa, mguu anaoutumia, nafasi, na safu ya mwisho ni maumivu. Kwenye safu hiyo neno goti limeandikwa mara tisa.

Mmoja wa hao tisa ni beki wa kushoto mwenye miaka 16. Tumechanga, mimi na Wakongo wawili ninaofanya nao kazi, na Jumanne anapelekwa kupigwa picha. Mwalimu amemwambia asicheze mpaka majibu yatoke. Jumapili alishika simu, akawarekodi wenzake.