Hoteli ya usiku wa kuamkia safari ya meli

Msimamo wangu ni mmoja na sijauacha kwa miaka kadhaa sasa: usiku wa kuamkia safari ya meli ya kitalii, lala karibu na gati, usilale karibu na uwanja wa ndege. Najua ndege inatua usiku, watoto wamechoka, masanduku ni mazito, na ile hoteli iliyo hatua chache kutoka mlango wa kutokea inakuita. Lakini kilomita zote utakazoziacha usiku huo utazikuta asubuhi, na asubuhi ndiyo yenye meli.

Kwanza jina la mji, maana hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Kampuni za meli huuza safari zao kwa majina ya miji mikubwa. Tangazo linasema Roma, kumbe meli iko Civitavecchia, kiasi cha kilomita 70 hadi 80 kutoka katikati ya Roma. Linasema London, meli iko Southampton, kilomita zipatazo 130. Paris ya kwenye matangazo ni Le Havre na Berlin ni Warnemünde, na kote huko ni mwendo wa kilomita 200 hivi au zaidi. Venice nayo imebadilika: tangu Agosti 2021, Italia ilipozuia meli kubwa kupita mfereji wa Giudecca, safari nyingi zilizokuwa zikianzia pale zilihamishiwa bandari nyingine kama Ravenna na Trieste. Mtu akilipia chumba kwa kufuata lile jina kubwa, amejiwekea safari ya saa mbili au tatu katika asubuhi ambayo haina nafasi ya kuharibika.

Hata ukiwa ndani ya mji wenye bandari yenyewe, bado hujafika. Southampton ina majengo matano ya abiria, mengine yako gati za mashariki na mengine za magharibi. Barcelona, meli nyingi kubwa hufunga Moll Adossat, ng'ambo ya daraja, na nyingine zimekuwa zikifunga karibu kabisa na mwisho wa La Rambla, ile barabara maarufu ya katikati ya mji. Hoteli ikijinadi kwamba iko dakika kumi kwa miguu kutoka bandarini, huenda inasema kweli, ila hiyo ni bandari tu, meli yako inaweza kuwa upande mwingine kabisa. Tafuta jina la jengo kwenye tiketi, kisha pima mwendo kutoka hotelini hadi hapo. Na upime wa saa nne asubuhi. Usiku barabara ziko tupu na ramani itakufurahisha bure.

Kwa nini asubuhi ile ni nzito hivyo? Meli hufika alfajiri, hushusha watu wa safari iliyokwisha, kisha hupakia wapya siku hiyo hiyo. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake kutoka Miami Januari 2024, inaweza kubeba abiria hadi 7,600. Fikiria wanaotoka na wanaoingia wakitumia barabara zile zile, na Miami mara nyingi hupokea meli kadhaa kwa siku moja. Teksi zilizokuwa zimejipanga usiku zikisubiri mteja, asubuhi zinagombewa.

Mimi nilijifunza hili kwa machungu. Nilichagua hoteli kwa sababu ilitangaza kuwa ina gari la kupeleka wageni melini. Gari lilikuwepo kweli. Nisichouliza ni utaratibu wake. Pale kaunta ya mapokezi palikuwa na karatasi yenye mistari 12 kwa kila safari, kalamu imefungwa kwa uzi, na usiku nilipita mbele yake nikiburuta sanduku bila hata kuitupia jicho. Asubuhi nilipoteremka, gari la saa nne limejaa, la saa tano limejaa, nafasi iliyobaki ni ya saa saba. Tulisimama pale ukumbini, familia nzima nzima, kila mtu na simu yake akihangaikia teksi, na teksi ziko bandarini zinachukua walioshuka. Niliiwahi meli. Lakini zile saa za kukaa juu ya sanduku nikitazama saa ya ukutani simwombei mtu.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, piga simu hotelini. Uliza gari linaondoka saa ngapi, nafasi zinawekwaje, masanduku yote yanaingia au mengine yataachwa, na je, linakufikisha kwenye jengo lako au linaishia kwenye lango la bandari? Mhudumu anayejibu haya bila kusita ameshapeleka watu wengi melini. Anayesema "usijali, tutaona ukifika" mimi humshukuru na kutafuta hoteli nyingine.

Kuchelewa si jambo dogo. Kampuni nyingi hufunga usajili kati ya dakika 60 na 90 kabla ya meli kuondoka, kwa sababu orodha ya abiria inatakiwa kukamilika kabla ya kung'oa nanga. Meli ya saa kumi jioni, kwako wewe inaweza kuwa imekwenda saa nane u nusu. Na usijipe moyo kwamba utaifuata bandari ya pili. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayozuia meli za bendera ya kigeni, yaani zilizosajiliwa nje ya Marekani kama zilivyo nyingi za kitalii, kusafirisha abiria kutoka bandari moja ya nchi hiyo kwenda nyingine. Ukiikosa meli ya Alaska pale Seattle, ukitaka kuipandia Juneau, huko Alaska, na kurudi nayo Seattle, unaweza kukataliwa.

Wapo wasiokubaliana nami, hasa wapenzi wa Roma. Wanasema, nimesafiri mbali kote huku, nilale mji mdogo wa bandari na Roma iko pale? Nawaelewa kabisa, Roma naipenda. Ila ipe Roma usiku wake, mmoja au miwili, kisha jioni ya mwisho panda treni uende Civitavecchia. Treni ikichelewa jioni, au kukiwa na mgomo, unafika usiku na unalala. Ikichelewa asubuhi, hakuna cha kufanya.

Pako mahali ambapo ubishi huu wote hauna maana. Fort Lauderdale uwanja wa ndege na bandari ya Port Everglades ni majirani, hivyo lala upande wowote.

Bwawa la kuogelea silijali, wala ukubwa wa chumba. Najali saa ya kukabidhi ufunguo, lifti inayofanya kazi, na taa nzuri ya kufungia mizigo, maana vile vitambulisho vya mizigo vya karatasi vya kampuni ya meli hukatika ukivifunga gizani kwa haraka. Sanduku ukishalikabidhi kwa wapagazi bandarini huenda usilione hadi jioni, hivyo pasipoti na dawa hubaki kwenye mkoba wa mkononi tangu usiku. Kasiki ya chumbani siitumii kabisa usiku huo.

Dirisha la kuona bahari, hilo nalilipia. Mara ya mwisho niliamka kabla ya kengele, nikavuta pazia, nikaikuta meli inaingia, taa zake zote zinawaka, boti ya rubani ikiwa ubavuni, na watu wawili gatini wakisubiri kamba. Ilikuwa inajigeuza polepole sana. Nikaitazama mpaka ikafungwa, nikasoma jina lake, nikarudi kitandani nikalala saa moja nyingine.