Udongo wenye risasi: kuchimba au kufunika?

Arusha tumezoea ardhi yenye kasoro. Floraidi ya maji yetu unaisoma kwenye meno ya mtu akicheka. Risasi, ile metali nzito ya kwenye betri, haijitangazi hivyo. Mtoto anacheza uwanjani, anajilamba vidole, na kinachoharibika polepole ni ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Chukua uwanja wa nyumba za kupanga ambako fundi alikuwa akipasua betri chakavu za magari na sola. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi. Fundi kahama, maganda meusi na udongo wa kijivu vimebaki. Wapangaji wanataka uchimbwe. Mwenye nyumba anasema tripu moja ya moramu inatosha kuufunika.

Wapangaji wana hoja. Risasi haiozi, na mvua haiipeleki chini sana. Hukaa juujuu, palepale watoto wanapocheza. Na kupuuza kuna gharama: Owino Uhuru, Mombasa, kulikokuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, mahakama mwaka 2020 iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Ila ukishachimbwa, unaenda wapi? Kifusi mjini hapa hakikosi mteja. Canter litaondoka bila turubai, likamwage kwa mtu anayejazia msingi. Sumu imehama mtaa tu.

Kwa hiyo naegemea kwa mwenye nyumba, lakini si kwa moramu wake, ambao masika moja inaufumua. Palipokuwa na banda la fundi pachimbwe, na mzigo achukue mwenye kibali cha taka hatarishi. Kwingine pawekwe zege, au sentimita 20 hivi za udongo safi, zioteshwe ukoka. Mchicha uhamie kwenye viroba vyenye udongo wa kuletwa. Nyanya hazina tabu sana, mradi zioshwe. Na ule ufagio wa chelewa wa alfajiri, fahari ya kila mama mwenye uwanja, ndio unaorusha vumbi hadi kwenye masufuria: nyunyiza maji kwanza.

Kuna wanaopendekeza fosfeti, madini ya mbolea, kwa kuwa huifunga risasi isifyonzwe kirahisi mwilini, na machimbo yake ya Minjingu si mbali. Kweli, ila risasi yenyewe inabaki palepale, na fosfeti ya Minjingu ina urani yake, metali yenye mionzi.

Kinachonisumbua kwenye kufunika ni kitu kimoja. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi ataleta vijana wachimbe shimo la choo, na hakuna hati itakayomwambia kilichoko chini ya ukoka.