Kompyuta Kuwaka Hadi Usubiri Kama Basi?
Unabonyeza kitufe, unaoga, unavaa, unarudi: kiduara bado kinazunguka! Jamani, nani aliziruhusu programu zote hizi ziamke pamoja na Windows? Ya simu za video, ya muziki, ya printa isiyoguswa tangu mwaka jana, zote zinagombania diski moja! Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager; humo fungua orodha ya programu za kuanza (Startup), zima kila usiyoihitaji. Ya kuzuia virusi iache. Bado inajikokota? Basi huenda ni ile diski ya sahani inayozunguka (HDD), mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, kichwa chake kikihangaika huku na kule kusaka mafaili. Ing'oe, weka SSD, diski isiyo na sahani wala kichwa cha kuhangaika, hata ya GB 240. Kwa nini tuendelee kuuziwa mashine zenye diski za namna hiyo?